Mbunge Akihama Chama, Kura Yetu Hubaki Wapi?



Swali hili tumeulizwa zaidi ya mara moja, na mara nyingi na akina mama: mtu tuliyempa kura kwa tiketi ya chama hiki, akaonekana kesho amevaa kofia ya chama kile, je, kura yetu amekwenda nayo au ameiacha nyuma? Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na msimu wa kuvishana kofia umekwisha kuanza. Tumeona bora tulijibu swali hili sasa, kabla vipaza sauti havijafunguliwa na masikio yetu yakajaa.

Jawabu la sheria ni fupi. Kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba kiti cha mbunge au seneta huwa wazi pale aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama anapojiuzulu kutoka chama hicho, au anapohesabiwa kuwa amejiuzulu. Aliyechaguliwa akiwa mgombea huru naye hupoteza kiti akijiunga na chama. Kifungu cha 194 kimeweka sharti hilohilo kwa mwakilishi wa wadi. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 ikaja kufafanua: hata asiyeandika barua, lakini akawa anaunda chama kingine, au anajiunga nacho, au anahubiri sera zake hadharani, huyo huhesabika kuwa ametoka. Ukisoma hapo utadhani jambo limekwisha. Mheshimiwa anayetaka kwenda na aende, ila kiti akirudishe kwa wenyewe, na wenyewe waamue kama wangali wanamtaka.

Yanayotendeka sivyo, na hapa ndipo tunapopenda wasomaji watulie nasi kidogo.

Kwanza, sheria hii haimgusi gavana. Kifungu cha 182, kinachotaja sababu za afisi ya gavana kuwa wazi, hakina neno juu ya kuhama chama. Sisi wa Pwani tumeyaona hayo kwa macho. Salim Mvurya alichaguliwa gavana wa Kwale mwaka 2013 kwa tiketi ya ODM, akahamia Jubilee akiwa bado afisini, akachaguliwa tena 2017. Amason Kingi alichaguliwa mara mbili kuongoza Kilifi kwa tiketi ya ODM, na kabla ya muhula wake wa pili kwisha alikuwa kiongozi wa chama chake kipya, PAA. Hapana sheria aliyoivunja yeyote kati ya hao wawili kwa kuhama huko. Mlango ulikuwa wazi, nao wakapita.

Pili, mbunge aliye na akili za siasa haandiki barua. Hubaki na kadi ya chama cha kwanza mfukoni, akawa kila Jumamosi yuko jukwaani kwa chama cha pili. Ili kiti kitangazwe kuwa wazi ni lazima chama kimshitaki, kimsikilize, kimfukuze, kisha yeye huenda mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na kutoka huko kuna Mahakama Kuu. Miaka hupita. Aisha Jumwa alichaguliwa mbunge wa Malindi mwaka 2017 kwa tiketi ya ODM, na haukupita muda akaanza kumuunga mkono William Ruto bila kificho. Mapema mwaka 2019 chama kiliamua kumfukuza. Shauri likapelekwa mbele, na Bi Jumwa akaendelea kukalia kiti hicho hadi muhula ulipokwisha mwaka 2022. Watu wa Malindi hawakuulizwa hata siku moja kama wamekwenda pamoja naye au wamebaki walipokuwa. Huenda wengi wao walikuwa pamoja naye, na huenda hawakuwa. Ndiyo maana ya kuuliza.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, sheria imewaachia wale ambao vyama vyao vimeungana na vingine au vimeingia katika muungano. Mtu mmoja akihama ni kosa. Chama kizima kikihama, na mizigo yake na wapiga kura wake juu ya mkokoteni, hilo si kuhama tena.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu walikuwa wa kwanza kulionja. Mwaka 1960 kiliundwa chama cha KADU, na kiongozi wake alikuwa mtu wa Pwani, Ronald Ngala. KADU ilisimama juu ya neno moja: majimbo. Jamii ndogo, na Pwani ikiwa mbele yao, zilihofu kumezwa na serikali moja kubwa ya Nairobi, zikataka kila jimbo liwe na baraza lake na madaraka yake. Katika uchaguzi wa 1963 watu walipiga kura kwa neno hilo, na katiba ya uhuru ikaligawa taifa katika majimbo saba pamoja na Nairobi. Haukutimia mwaka mmoja tangu uhuru. Novemba 1964 Ngala aliivunja KADU na kuwaingiza wenziwe katika KANU, akisema ni kwa ajili ya umoja wa nchi. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na madaraka ya majimbo yakaanza kung'olewa moja baada ya moja hadi hapakubaki kitu.

Sisi hatumtukani marehemu Ngala. Serikali ilikuwa inamkaba, wabunge wake walikuwa wanavutwa mmoja mmoja kwenda upande wa pili, na huenda aliona kwamba chombo kinazama na ni heri kukifikisha ufuoni kwa hiari. Lakini tuangalie ni nani aliyelipa. Aliyepiga kura Kilifi au Lamu mwaka 1963 kwa ajili ya majimbo hakuitwa tena kuulizwa kama ameghairi. Jambo alilolipigia kura liliondoka pamoja na chama. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, ilikuwa imepita miaka 49. Kijana wa 1963 alikuwa mzee, kama alikuwa hai.

Chini ya miaka miwili baada ya KADU kuvunjwa lilitokea tukio lililo kinyume chake kabisa. Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kutoka KANU, akaongoza chama kipya cha KPU. Kundi la wabunge na maseneta wakamfuata. Serikali ikabadilisha katiba kwa haraka mwezi huohuo: anayehama chama kilichompa kiti, arudi kwa wapiga kura. Nia ya sheria hiyo haikuwa kumlinda mpiga kura, ilikuwa kuwaadhibu walioasi, na kila mtu alilijua hilo. Hata hivyo walirudi. Juni 1966 ukafanyika uchaguzi mdogo wa viti 29 kwa mpigo mmoja. KPU ilipata viti 9 tu, ingawa ukizijumlisha kura zote, zake zilikuwa nyingi kuliko za KANU. Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, alipoteza kiti chake. Aliamini jambo, akalifuata, akarudi kwa watu wake, wakamkatalia. Miaka mitatu baadaye KPU ikapigwa marufuku.

Tunayataja haya kwa sababu tumechoka kusikia kwamba kila anayehama ni msaliti. Si kweli. Chama nacho huweza kuacha njia yake, na mtu mwaminifu akabaki amesimama palepale hali chama kimeondoka chini ya miguu yake. Huyo kumlazimisha kubaki ni kumlazimisha kusema uongo. Tofauti ya mwaka 1964 na 1966 haimo katika kuhama. Wote walihama. Tofauti ni kwamba waliohama 1966 walirudi kuuliza, ijapokuwa kwa kulazimishwa, na waliohama 1964 hawakurudi.

Wanafunzi wa madrasa wanaosoma mlango wa wakala wataielewa tofauti hii bila taabu. Mtu akikupa fedha zake umnunulie mchele, ukafika sokoni ukaona maharagwe ndiyo bora, huna ruhusa ya kununua maharagwe kwa fedha zake kisha ukamwambia ashukuru. Huenda rai yako ni nzuri kuliko yake. Fedha ni zake. Rudi umuulize, au mrudishie fedha zake. Mbunge ni wakala wetu, na tulipompa uwakala hatukumpa jina lake tupu. Tulimpa pamoja na chama alichokitaja, ilani aliyoinadi na mgombea urais aliyesimama naye jukwaani.

Basi turudi katika siku zetu. Mwaka 2022 watu wa Kilifi walikwenda kuchagua gavana. Waliokuwa mbele ni Gideon Mung'aro kwa tiketi ya ODM, Aisha Jumwa kwa tiketi ya UDA na George Kithi kwa tiketi ya PAA. Bwana Mung'aro alikuwa mbunge wa ODM, akahamia Jubilee, akagombea ugavana kwa tiketi hiyo 2017 akashindwa na Kingi, kisha akarejea ODM. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Bi Jumwa alitoka ODM. PAA yenyewe iliundwa na gavana aliyetoka ODM. Mpiga kura aliyesema moyoni mwake kwamba hatampa kura mtu wala chama chenye historia ya kuhama alikuwa na karatasi mkononi na pa kutia alama hana. Tusiwalaumu watu wa Kilifi, wala tusidhani ni wao tu.

Baada ya kura yakaja mengine. PAA ilikuwa imetia saini kuingia katika muungano wa Azimio, kisha Mei 2022, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kiongozi wake akauhamishia mguu upande wa Kenya Kwanza. Kenya Kwanza ilipopata urais, Kingi alichaguliwa Spika wa Seneti Septemba mwaka huo. Bi Jumwa, aliyekataliwa na wapiga kura wa Kilifi, aliteuliwa waziri. Bwana Mvurya, aliyekwisha kuhamia UDA, naye aliteuliwa waziri. Watetezi wao husema Pwani imepata viti serikalini, na hilo si jambo la kudharau. Ila tutazame mwendo wa malipo. Ikiwa aliyehama akashindwa na bado akapewa kikubwa zaidi na walio juu, basi adhabu ya wapiga kura imekuwa kama mvua juu ya mgongo wa bata. Atakayehama kesho atahesabu nani anayegawa vyeo, na wapiga kura wake hawatakuwa katika hesabu hiyo.

Bungeni nako palitokea jambo ambalo wengi wetu lilitupita kwa kuwa lilizungumzwa kwa lugha ya mawakili. Vyama kadhaa vidogo vilivyochaguliwa chini ya Azimio vilivuka baada ya matokeo, na Oktoba 2022 Spika wa Bunge la Kitaifa akaamua kwamba Kenya Kwanza ndiyo iliyo na wengi, kwa kuwahesabu wabunge 14 wa vyama hivyo upande wa pili. Shauri likakaa mahakamani zaidi ya miaka miwili. Februari 2025 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliubatilisha uamuzi huo. Siku chache baadaye Spika akatoa uamuzi mpya, na walio wengi wakabaki walewale. Kuwa na wengi bungeni si heshima tupu. Anayeshika wengi ndiye anayeongoza kamati za kutunga sheria na kupanga ni mswada gani upite leo na upi ungoje, pamoja na miswada ya kodi inayofika hadi kwenye unga wa ngano na mafuta ya kupikia majumbani mwetu.

Mwezi mmoja baadaye, Machi 2025, Rais Ruto na marehemu Raila Odinga walitia saini makubaliano kati ya UDA na ODM. Mwaka uliotangulia wanachama wa ODM, akiwamo Hassan Joho wa Mombasa, walikuwa wamekwisha kuingia katika baraza la mawaziri. Hapo hapana aliyehama. Kadi ni zilezile, rangi ni zilezile. Lakini mama wa Mombasa aliyepanga foleni tangu alfajiri Agosti 2022 ili kuizuia serikali fulani isiingie, sasa mbunge wake anaitetea serikali hiyohiyo. Huenda amani iliyopatikana ina thamani. Nchi ilikuwa imetoka katika maandamano na vifo vya Juni 2024, na hakuna mzazi asiyetaka utulivu. Hata hivyo yule mama ana haki ya kuuliza: mbunge wangu alipokubali, aliomba nini kwa ajili yetu, na kimeandikwa wapi?

Tuingie nyumbani sasa. Kuna jambo moja katika habari hizi linalowahusu wanawake hasa, nalo halizungumzwi. Kifungu cha 177 kinataka mabaraza ya kaunti yasiwe na jinsia moja iliyozidi theluthi mbili, na pengo huzibwa kwa viti maalumu vinavyotoka katika orodha za vyama. Wengi wanaovikalia ni wanawake. Mwanamke huyu hana wadi iliyomchagua. Akitofautiana na wakubwa wa chama juu ya bajeti ya hospitali ya kaunti au fedha za basari, chama chaweza kumfukuza, na jina linalofuata katika orodha likachukua nafasi yake. Yeye hawezi kuhama, na mara nyingi hawezi hata kukohoa. Mwanamume mwenye fedha na wafuasi huvuka mto kwa miguu mikavu, naye dada yetu akipinga chama chake yuko hatarini kupoteza kiti. Sheria moja, na haimkamati ila aliye mnyonge.

Lipo na la majirani. Katika mitaa yetu ziko nyumba ambazo tangu uchaguzi uliopita hazipelekeani tena sahani ya futari, na chanzo ni ubishi wa chama. Wenye vyama walikwisha kukaa meza moja, wakala, wakacheka. Sisi ndio tuliobaki na kinyongo walichotuachia. Kabla ya Ramadhani ijayo kuingia, anayehusika na aikumbuke nyumba hiyo.

Na mpiga kura afanye nini? Yako machache, na hatupendi kuyapamba. Haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda imo katika Kifungu cha 104, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya masharti yaliyowekwa na Bunge juu ya utaratibu wake, na tangu katiba hii ipitishwe hapana mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo. Msiiwekee tamaa kubwa. Yenye nguvu zaidi ni maswali ya kabla ya kura, nayo huulizwa vizuri penye watu wachache, kwenye vyama vya akina mama na vikao vya wazazi shuleni, pasipo vipaza sauti. Mgombea aulizwe: chama chako kikiingia katika muungano baada ya uchaguzi, utatuita kabla ya kukubali au baada? Ulipohama mara ya mwisho, ulimwuliza nani? Aandike jawabu na kulitia saini, na nakala ikae msikitini au shuleni. Karatasi hiyo haina nguvu mahakamani. Lakini miaka mitano baadaye itasomwa mbele yake na mtu aliyekuwapo, na wanasiasa huogopa kusomewa maneno yao kuliko wanavyoogopa Msajili wa Vyama.

Jingine ni dogo na laweza kufanywa leo. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Ingieni katika tovuti ya eCitizen, sehemu ya Afisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa, mtazame jina lako limo katika chama kipi. Ukikuta umeandikwa bila idhini yako, palepale unaweza kujiuzulu. Wasiojua kutumia simu kwa mambo haya wawaombe watoto wao wakubwa, na akina bibi wasiachwe nyuma, kwani nambari zao za kitambulisho ndizo huchukuliwa kwa wepesi pale zinapogawiwa leso na unga.

Na kwa dada zetu wanaofikiria kugombea wadi wakiwa wagombea huru, kwa kuwa wamechoshwa na kura za mchujo zisizo na haki: Kifungu cha 85 kinataka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa Agosti 2027, maana yake ni kuwa umetoka chamani kabla ya mwezi wa Mei kwisha kuanza, na kuwa na ushahidi wa barua iliyopokelewa. Wasiosubiri hadi wiki za mwisho hupumua. Juma lijalo, inshaallah, tutaeleza hatua za kuandika barua hiyo, na gharama ambazo mgombea huru hubeba peke yake.